SIM tatu mfukoni, ushindani uko wapi?

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa kartie ya Ngezi, Bunia, Machi 2023

Aksanti kwa mama wa cabine waliofunga meza zao saa hii. Tunajua saa moja bila mteja ni franga inapotea, kwa hiyo tutaenda mbio kidogo.

Leo hatuongei juu ya bunduki, tunaongea juu ya simu. Kuna watu watatuuliza: Ituri inalia, na ninyi mnakuja na mambo ya méga? Swali ni la haki. Tutalijibu, lakini mtupe kwanza nafasi ya kueleza jambo lenyewe.

Toa simu mfukoni. Hesabu SIM zako. Wachache mko na moja. Wengi mbili. Wa-motard, tunawajua, wengine mnatembea na simu mbili na SIM tatu, na ya nne iko nyumbani ndani ya kikombe. Sasa tuulizane: juu ya nini? Mtu akienda sokoni kununua mkate ananunua kwa muuzaji mmoja, anayempendeza. Hanunui vipande vitatu kwa wauzaji watatu ili apate mkate mmoja. Kwa simu ndivyo tunavyofanya kila siku, na tumezoea mpaka tunaona ni maisha ya kawaida.

Wakubwa wa Kinshasa wakiongea wanasema soko la simu la Kongo ni soko la ushindani. Kwa macho ni kweli. Tembea Boulevard ya Libération: mwavuli mwekundu, kando yake mwavuli wa rangi ya chungwa, kisha mwekundu mwingine. Vodacom, Airtel, Orange. Majina matatu, na kila moja linaimba kwamba lenyewe ndilo la kwanza. Sisi tunasema hivi: zile SIM tatu mfukoni mwako ni ushuhuda kwamba ushindani wenyewe bado haujafika Ngezi. Mtu aliye na uhuru wa kuchagua, anachagua moja na kuacha zingine. Sisi tunabeba zote kwa sababu kila mtandao umejenga ukuta kuzunguka wateja wake, na njia ya bei rahisi ya kupita ukuta ni kununua SIM ya upande wa pili.

Hapa Ituri hatuhitaji mwalimu wa kutueleza barrière. Kila mmoja wetu amelipa kwenye barrière. Sasa ujue kwamba ndani ya simu yako pia iko barrière. Ukipiga kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, ule wa kwanza unalipa ule wa pili kiasi fulani kwa kila dakika, ili mlango ufunguliwe. Mlipaji wa mwisho ni wewe. Bei ya mlango ikiwa juu, mtandao unakupa forfait tamu ya kuongea na watu wake wenyewe, na ukitoka nje unachapwa. Hapo mtandao mkubwa unazidi kuwa mkubwa, hata kama haufanyi kazi vizuri kuliko wengine: wewe unaenda pale mama yako, boss wako na wateja wako wako tayari. Mdogo anakufa polepole, au anauzwa.

Na wameuzwa kweli. Vijana wa miaka 20 hawajui hii historia, tuipitie haraka. Simu ya mkononi ilianza inchi hii katika miaka ya 1980, na Telecel ya Miko Rwayitare pale Kinshasa, moja ya za kwanza kabisa Afrika. Ilikuwa kitu cha mawaziri na matajiri. Sisi huku tulikuwa na phonie, unapanga mstari, unapiga kelele "over", na kartie yote inasikia siri zako. Celtel ikaingia mwaka 2000, ikageuka Zain mwaka 2008, ikageuka Airtel mwaka 2010. Vodacom ikaja mwaka 2002. Congo Chine Télécom ilikuwa ya Wachina wa ZTE pamoja na serikali yetu. Orange wakainunua mwaka 2011, na mwaka uliofuata wakabadilisha jina. Tigo nayo ilikuwepo, ikiuza kwa bei ya chini na kusumbua wakubwa, lakini Orange wakaimeza mwaka 2016. Africell ilianza Kinshasa mwaka 2012, ila mwavuli wake hamjauona hapa Ngezi.

Angalieni basi. Mukongomani wa Kinshasa ana mitandao minne ya kumgombania, sisi tatu. Na ukitoka Bunia, ukishuka vijiji vya Djugu au Irumu, unafika mahali penye mnara mmoja tu, au pasipo na kitu, mtu anapanda mlima na simu juu ya kichwa kutafuta rezo. Kwa yule mtu, soko la taifa ni neno la gazeti. Ushindani hauhesabiwi kwa inchi nzima. Unahesabiwa pale uliposimama na simu yako. Penye mnara mmoja, pana boss mmoja.

Upande wa Aru, Ariwara na Mahagi watu wamepata dawa yao: wanatembea na SIM ya Uganda. Hatuwalaumu. Ila ni haya kidogo kwa serikali, kwamba mwananchi anapata chaguo kwa sababu mawimbi ya jirani hayajui mpaka.

Sasa tuje kwenye franga, maana hapo ndipo ukuta uko mrefu zaidi. M-Pesa iliingia Kongo mwishoni mwa 2012, na wengine wako na Airtel Money na Orange Money. Tuchukue mfano. Mama mmoja yuko kwenye site ya Kigonze, amekimbia na watoto wanne. Mtoto wake mkubwa yuko Mungbwalu kwenye dhahabu, amepata kidogo, anataka kumtumia. Mtoto yuko kwenye mtandao huu, mama yuko kwenye ule. Mara ngapi tumeona mambo yanavyokwenda? Franga inatumwa kwa mtu wa tatu pale Bunia, anaitoa, analipa ya kutoa, anavuka barabara hadi cabine nyingine, anaiweka upya, anaituma, na mama akiitoa analipa tena. Njiani imeumwa mara mbili au tatu. Au basi mama ananunua SIM ya pili na chakula chake kwanza. Mama wa cabine wanajua: sehemu kubwa ya kazi yao ni kuwa daraja kati ya makampuni. Na kama siku ile hakuna liquidité mezani, daraja limevunjika.

Juu ya namba, ni hivyo hivyo. Ukichoka na mtandao wako hapa kwetu, unahama na kuacha namba. Namba yako iko kwenye ukuta wa duka lako, kwenye kadi za wateja, kwenye simu ya shangazi huko Kampala, na ndiyo mkoba wako wa pesa. Kuihama ni kama kuhama nyumba bila kumwambia mtu. Kwa hiyo unabaki, unanung'unika, unaongeza SIM nyingine. Kampuni linajua utabaki. Kwa nini lijisumbue?

Wengine wamepita njia hii mbele yetu, na inafaa tujue walipojikwaa. Kenya, mwaka 2010, mamlaka yao ya mawasiliano ilikata bei ya mlango kati ya mitandao kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Mwezi wa Agosti Zain, aliyekuwa mdogo mbele ya Safaricom, akashusha bei ya kupiga kwa nusu, kutoka shilingi 6 hadi 3. Wengine wote wakalazimika kufuata. Barrière ilipopunguzwa, mdogo alipata nguvu ya kupigana, na raia akapumua. Halafu Aprili 2011 Kenya wakaleta haki ya kuhama na namba yako. Kila mtu alifikiri watu watahama kwa wingi. Walihama wachache. Sababu moja kubwa? Namba ilihama, lakini M-Pesa haikuhama nayo. Mtu aliangalia mkoba wake, akakaa kimya.

Tanzania walishika kamba kutoka upande mwingine. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel walianza kufungua mikoba yao, mtu anatuma moja kwa moja kwa mteja wa mtandao mwingine. Vodacom ikaingia mwaka 2016. Haki ya kuhama na namba ikaja mwaka uliofuata, 2017. Sisi tunaona Watanzania walianza mahali pazuri. Kwa hiyo mtu akikuambia dawa ni kuruhusu namba kuhama, na basi, mwambie hapana papa, fungua mkoba kwanza.

Sasa turudi kwenye lile swali la mwanzo: kwa nini mambo haya, wakati watu wanakufa? Tangu tarehe 6 Mei 2021 tuko chini ya état de siège. Kila mmoja hapa ana ndugu kijijini. Tunajua alerte inatembea namna gani: mtu ameona kundi linapita mtoni, anampigia mwalimu, mwalimu anampigia chefu, chefu anampigia mtu wa Bunia. Ni simu nne, na pengine ni mitandao mitatu. Katikati ya mnyororo kuna mtu mmoja ambaye forfait yake inaita watu wa mtandao wake tu, na saa sita ya usiku imekufa. Anabipa. Yule mwingine amelala. Kwa mtu wa Gombe, kubipa ni mzaha wa vijana. Huku kwetu, bei ya kuvuka kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine ni sehemu ya usalama, kama barabara na kama taa.

Lakini tusidanganyane, si kila ubaya unatoka kwa makampuni, na ushindani si dawa ya kila ugonjwa. Mnakumbuka RAM. Septemba 2020 serikali ikaanza kukata kwenye unité zetu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G na zaidi. Unaweka unité asubuhi, mchana zimeliwa, kabla hujasema hata "alo". Tulihamia mtandao mwingine? Haikusaidia, wote walikuwa wanakata, kwa sababu aliyeshika kisu alikuwa nyuma yao. Hata mwisho wa Desemba 2018, intaneti ilipofungwa baada ya uchaguzi, karibu siku 20, ilikuwa kiza kwenye SIM zote. Hapo kuwa na mitandao mitatu au kumi ni hesabu moja.

RAM ilianguka. Mwishoni mwa 2021 jambo likafika Bunge, wabunge wakambana waziri, na mwanzoni mwa 2022 ikafutwa. Msisahau kilichoifikisha Bungeni: vijana wa miji mingi waliokataa kunyamaza, wakiandika, wakitembea na kukamatwa. Hatukupewa zawadi. Swali la hesabu ya franga zilizokusanywa sisi hatujaliacha, ila hilo ni la siku nyingine, tukiliingia leo tutalala hapa.

Iko pia jambo ambalo wengi hawalijui. ARPTC, mamlaka iliyoundwa na sheria ya 2002 ili kuchunga hizi kampuni, imewahi kuweka ile wanaita prix plancher, ni kusema bei ambayo mtandao hauruhusiwi kushuka chini yake. Sababu yao si ya kijinga: kampuni kubwa inaweza kuuza kwa hasara mwaka mmoja, mpaka ndogo ife, kisha ipandishe. Tunaelewa. Lakini tunauliza: sakafu hiyo inahesabiwa namna gani, na nani, na kwa makaratasi gani? Mwaka 2016 bei ya intaneti ilipopanda karibu mitandao yote kwa wakati mmoja, raia hakuwa na njia ya kujua kama ni mapatano ya chini ya meza, au ni amri ya juu, au ni mazuti na dola vimepanda kweli. Yote matatu yanaonekana sawa ukiwa na simu mkononi. Sheria ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani inakataza makampuni kupatana bei. Ni sheria nzuri. Inafanya kazi pale tu mtu wa nje anaweza kuona hesabu.

Tuwatendee haki pia wenye minara. Mnara wa porini hapa Ituri hauna umeme wa kuvuta. Unakula mazuti na betri, na mazuti yanasafiri kwenye barabara tunayoijua wenyewe. Fundi anaogopa kwenda, na ana haki ya kuogopa. Juu ya kila forfait iko TVA ya 16 kwa mia. Hatutasema kwamba bei ya Djugu inaweza kuwa bei ya Nairobi kesho asubuhi. Tunachosema ni kwamba kwa ajili ya mahali ambapo biashara peke yake haifiki, sheria ya tarehe 25 Novemba 2020 imeweka mfuko wa service universel, na makampuni wanauchangia. Basi Ituri iko wapi kwenye orodha ya kazi za ule mfuko? Kijiji gani, mwaka gani, mnara wa nani? Na mnara ukijengwa kwa franga ya mfuko, mitandao yote ipande juu yake. Kujenga mnara kwa franga ya wote na kumwachia boss mmoja itakuwa kutuuzia kitu chetu wenyewe.

Hayo ndiyo tutaandika kwa ARPTC na kwa wizara: mikoba ya pesa ifunguliwe, kutuma kwa mtandao mwingine kusilipishwe kuliko kutuma ndani. Bei ya mlango kati ya mitandao itangazwe na ishuke. Hesabu ya prix plancher iwekwe wazi. Namba ihame na mwenye nayo. Na ubora upimwe hapa, Ituri, isiwe Kinshasa peke yake.

Lakini barua bila ushahidi wataweka chini ya chai. Ndiyo maana tumewaita. Kuanzia Jumatatu, mwezi mzima, kila avenue ya Ngezi itakuwa na daftari moja. Mtaandika tarehe, saa, mtandao, mahali ulipokuwa, forfait uliyonunua na bei yake, ulichopata kweli, na ulilipa ngapi kutuma franga kwenda mtandao mwingine. Usiandike jina la mtu. Usiandike namba ya mtu. Usiandike hasira, hasira tunazo za kutosha, andika tarakimu. Kama forfait ilifanya kazi vizuri, andika pia, maana daftari lenye mabaya tu hakuna atakayeliamini. Kama uko cabine, andika mara ngapi mteja alitoa huku ili aweke kule, hiyo ndiyo hesabu tunayoitafuta zaidi ya zote.

Na jambo moja la usalama: usipige picha ya mnara, usizunguke karibu na mnara, hasa penye askari. Tuko chini ya état de siège, na hatutaki mtu alale kasho kwa sababu ya picha ambayo haitusaidii kitu. Kazi yetu inafanyika ukiwa umekaa mlangoni kwako.

Daftari tulizonazo ni 20. Wa Lumumba na Mudzipela wanaotaka kufanya kwao, mpige kopi ya ukurasa wa kwanza, mistari ifanane, tusije tukashindwa kujumlisha. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nane, tunakutana tena hapa kuhesabu. Aliye na calculatrice aje nayo, ya simu inamaliza betri.